Kadi ya Mzee Isomwe Kabla ya Kulipiwa

Katika ukanda wa Olumbi, kusini mwa mji wa Palma, mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, matibabu ya mzee hukaa ndani ya mfuko wa plastiki. Humo mna daftari la kliniki lililojikunja pembe, karatasi ya vipimo kutoka mji wa Pemba mkoani humo, boksi tupu la dawa ya presha iliyonunuliwa Mtwara, na vidonge vilivyoletwa na mjukuu bila jina wala maelezo. Mzee akisafiri, mfuko husafiri naye. Mganga akimuuliza anaumwa nini, yeye huufungua na kuyamwaga yote mezani, kisha husubiri.

Watoto wa wazee hao wametawanyika. Wapo waliopata vibarua au ajira kwenye mradi wa gesi wa Afungi, wapo wanaofanya biashara Pemba na Nampula, wapo waliovuka Mto Ruvuma zamani na kuhamia Mtwara au Dar es Salaam. Kila mara mzazi anapozidiwa, simu huanza kuita na michango hupitishwa kwa haraka, mtu akauza mbuzi, mwingine akakopa. Baada ya hapo huja swali lile lile: kwa nini tusimkatie mzee bima ya binafsi, tukapumzika na mbio hizi? Na swali la pili hufuata hapo hapo: ni bei gani?

Swali hilo la pili limekuja mapema mno. Bei ina mahali pake, lakini bima ya mzee inapaswa kupimwa kwanza kwa mambo matatu. Je, inatibu ugonjwa alio nao leo? Je, inalipa katika hospitali ambayo mzee anaweza kuifikia? Je, itaendelea kumpokea akifika miaka 70, 75 na 80? Kadi inayoshindwa hata swali moja kati ya hayo haistahili akiba ya familia, hata ingekuwa rahisi namna gani.

Mlango ambao tayari uko wazi

Kabla ya kununua chochote, familia ijue mzee wake ana haki gani bila kununua. Msumbiji ilitaifisha huduma za afya za binafsi Julai 1975, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, na sheria namba 2 ya mwaka 1977 ikaweka msingi wa tiba kuwa jukumu la dola. Kliniki za binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Urithi wa siasa ile upo mpaka leo: kumwona mganga katika kituo cha umma hulipiwa metikali moja, na wazee wamesamehewa hata hiyo moja. Mwaka 2014 ikatoka sheria namba 3 ya kulinda haki za wazee.

Kwa hiyo mzee wa Olumbi hakosi haki ya kutibiwa. Anachokosa ni dawa siku anapoifuata, mashine ya kipimo, daktari bingwa na usafiri. Vita vya waasi vilivyoanza katika mji wa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifanya pengo hilo kuwa kubwa zaidi. Vituo vya afya vilichomwa au kuhamwa katika wilaya kadhaa za kaskazini. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ukashambuliwa, watu wakakimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa kila chombo kilichoelea. Wanajeshi wa Rwanda walipofika Julai mwaka huo hali ilianza kubadilika na watu wakarudi kidogo kidogo. Wahudumu wa afya na vifaa havirudi kwa kasi ya watu.

Ugonjwa ukiwa mzito, safari ni ya Hospitali ya Mkoa ya Pemba, takriban kilomita 400 kwa barabara, na ikishindikana huko, Hospitali Kuu ya Nampula, mbali zaidi kusini. Hapa ndipo familia inapopata kipimo chake cha kwanza. Bima ya binafsi ina maana pale tu inapojaza pengo lililoachwa na huduma ya umma. Ikiwa kadi inalipia kumwona daktari wa kawaida tu, jambo ambalo mzee hulipata bure, imemuuzia kitu gani?

Ugonjwa alioingia nao

Mikataba mingi ya bima za binafsi Afrika Mashariki ina kipengele cha muda wa kusubiri. Maradhi ya kawaida hungoja siku 30 hivi. Maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga hungoja mwaka mzima katika mikataba mingi, na katika mingine hayalipiwi kabisa. Kwa kijana wa miaka 25 mwaka huo hupita bila kumgusa. Kwa bibi wa miaka 68 mwenye presha na kisukari, mwaka huo wa kusubiri ndio mwaka wenyewe wa kuugua. Familia italipa ada ya miezi 12, na kila mwezi itatoa mfukoni pesa ya vidonge vile vile.

Halafu kuna kikomo. Kipeperushi cha bima huandika kwa herufi nene kiasi kikubwa kitakacholipwa mgonjwa akilazwa. Kiasi cha maradhi sugu, ambacho mara nyingi ni sehemu ndogo ya kile cha kwanza, hukaa kurasa za ndani. Macho, meno na miwani hukaa mbali zaidi. Lakini mzee anahitaji nini hasa? Vidonge vya kila siku, kipimo cha sukari, mtoto wa jicho kuondolewa, labda dawa za maumivu ya magoti. Bandu bandu huisha gogo, na gharama za uzeeni huila familia kwa namna hiyo: kidogo leo, kidogo wiki ijayo, bila kulazwa hata siku moja. Bima iliyojengwa juu ya kulazwa humwacha mzee wa namna hii peke yake.

Jambo la kuogopesha zaidi ni ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi wa kitaifa Msumbiji wa mwaka 2005 ulikuta thuluthi moja ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha. Ulipofanyika mwingine miaka kumi baadaye, kiwango kilikuwa kimepanda na kukaribia watu wanne katika kila kumi. Walio wengi kati yao hawakujua kuwa wanaumwa. Sasa mzee wa namna hiyo anaulizwa kwenye fomu kama ana maradhi yoyote, naye anajibu kwa moyo safi: sina. Miezi minane baadaye anapooza upande mmoja. Kampuni inatafuta kumbukumbu, inakuta daftari la zamani lenye kipimo cha juu, inaandika kwamba taarifa ilifichwa na inakataa kulipa. Nani atamtetea?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Fomu ya bima nayo huumbua, na haitofautishi aliyeficha na asiyejua. Ndiyo maana mzee anapaswa kupimwa presha, sukari na macho kwenye kituo cha umma kabla ya kutia kidole gumba, na kila kitu kilicho katika ule mfuko wa plastiki kiandikwe kwenye fomu, dawa kwa dawa. Bei inaweza kupanda kwa sababu hiyo. Ni heri ipande leo kuliko kadi ikataliwe siku ya kiharusi.

Lugha nayo ina uzito wake. Mikataba ya Msumbiji huandikwa kwa Kireno. Wazee wengi wa pwani ya kaskazini walisoma chuo cha Kurani, wanajua herufi za Kiarabu na wanazungumza Kiswahili, Kimwani au Kimakonde. Kumwekea mzee huyo karatasi ya Kireno na kumwonyesha mahali pa kutia dole ni kumnyima nafasi ya kukubali au kukataa. Mjukuu anayekijua Kireno amsomee ukurasa kwa ukurasa, mbele ya wakala, na kila neno ambalo mzee halielewi, wakala alieleze.

Umri unapogeuzwa kuwa bei

Soko la bima hupenda vijana, na hesabu zake haziwezi kulificha jambo hilo. Novemba 2019, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulipozindua vifurushi vya hiari vya Najali, Wekeza na Timiza Afya, bei ziligawanywa kwa rika: miaka 18 hadi 35, miaka 36 hadi 59, na miaka 60 kwenda juu. Kijana aliyechukua kifurushi cha chini kabisa alilipa shilingi 192,000 kwa mwaka. Mzee aliyetaka kifurushi cha juu alitakiwa kutoa shilingi 984,000, zaidi ya dola 400 kwa thamani ya wakati ule. Na huo ni mfuko wa umma.

Weka bei hiyo kando ya kipato cha mzee wa Cabo Delgado. Ruzuku ya msingi inayotolewa na INAS, taasisi ya ustawi wa jamii ya Msumbiji, iliwekwa kuwa metikali 540 kwa mwezi kwa mtu anayeishi peke yake. Kwa mwaka ni metikali 6,480, kiasi cha dola mia moja, ikiwa imefika kila mwezi. Zanzibar, ambako pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 ilianza Aprili 2016, malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za unga, sukari na mafuta ya taa. Bima ya mzee, kwa maneno mengine, italipwa na mwanawe au haitalipwa kabisa.

Kuna nchi zilizokataa kuuacha umri uwe adhabu. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 kuhusu mifuko ya matibabu inakataza kumfukuza mtu au kumpandishia ada kwa sababu ya uzee au ugonjwa, na inalazimisha orodha ya maradhi ambayo kila mfuko lazima uyalipie. Hata hivyo anayechelewa kujiunga, baada ya miaka 35, anaweza kuongezewa kati ya asilimia 5 na 75 kulingana na miaka aliyokaa bila kuchangia. Nchini Kenya, tangu Oktoba 2024, mfuko mpya wa bima ya afya wa SHA hukata asilimia 2.75 ya kipato, na asiye na ajira rasmi hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Umri wake haubadilishi kiwango hicho.

Somo la Afrika Kusini linaihusu familia ya Olumbi moja kwa moja. Samaki mkunje angali mbichi. Aliye na miaka 45 leo, mwenye kazi Palma au Pemba, ndiye anayepaswa kuulizia bima yake mwenyewe, na hasa kama mkataba huo utamruhusu kuendelea baada ya kustaafu. Mikataba mingi ya makampuni hufa siku ajira inapokwisha. Mtumishi wa umma wa Tanzania aliyechangia mfuko wa taifa huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake baada ya kustaafu. Kibarua wa mkandarasi hana ahadi kama hiyo.

Aulize pia kuhusu wazazi wake. Bima za waajiri kwa kawaida humtambua mke au mume na watoto. Sheria ya mfuko wa Tanzania iliruhusu mwanachama kuwaandika wazazi na wakwe miongoni mwa wategemezi wake, kwa sababu waliotunga walijua familia ya Kiafrika inavyoishi. Mfanyakazi wa Afungi anayejadili mkataba anaweza kulidai jambo hilo hilo, na chama cha wafanyakazi kinaweza kulidai kwa sauti kubwa zaidi yake.

Kadi na barabara

Kila bima ya binafsi ina orodha ya hospitali na kliniki ilizokubaliana nazo. Nje ya orodha hiyo, kadi haina kazi. Msumbiji, hospitali za binafsi zenye vifaa zimejaa Maputo na miji mikubwa. Familia isome orodha ikiwa na ramani mkononi. Kuna jina lolote Palma? Mocímboa? Pemba? Ikiwa jina la karibu zaidi liko Nampula, nani atalipa nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, na watalala wapi? Mkataba unagharimia gari la wagonjwa, au ndege pale barabara inapofungwa kwa mvua au kwa usalama?

Kwa ukanda huu kuna swali ambalo watu wa Maputo hawalijui: Mtwara. Tangu enzi za kukata mkonge Lindi na Tanga, na baadaye miaka ya vita vya ukombozi kati ya 1964 na 1974, Ruvuma umekuwa njia ya kwenda kwa ndugu. Hospitali ya Ligula mjini Mtwara na hospitali ya misheni ya Ndanda zinajulikana kwa majina upande wa kusini wa mto. Lakini bima iliyokatwa Msumbiji haivuki kituo cha mpakani cha Namoto hadi mkataba useme hivyo, na kadi ya Tanzania haimsaidii mzee akiwa Olumbi. Familia inayojua kwamba mzee wake atakimbizwa Mtwara ihakikishe neno hilo limeandikwa. Ahadi ya mdomo ya wakala haitapokelewa dirishani.

Hata orodha nzuri inaweza kubadilika ghafla. Machi 2024, mgogoro wa bei kati ya mfuko wa taifa wa Tanzania na hospitali za binafsi ulifanya baadhi ya hospitali kubwa za Dar es Salaam zisitishe kuwapokea wenye kadi kwa siku kadhaa. Nchini Kenya, Aprili 2022, mamlaka ya udhibiti iliiweka kampuni ya Resolution chini ya usimamizi wa kisheria kwa kukosa nguvu ya kulipa, na wateja waliokuwa na bima zake za matibabu wakabaki wakitafuta pa kwenda. Msumbiji ina taasisi ya kusimamia bima, ISSM. Kujua kama kampuni imesajiliwa huko ni jambo la lazima kabla ya kutoa hata metikali moja.

Mambo haya hayahusu nchi maskini pekee. Marekani iliunda Medicare mwaka 1965 kwa ajili ya wenye miaka 65 na zaidi, na leo zaidi ya nusu ya wanaostahili wamechagua mipango inayoendeshwa na makampuni binafsi. Wazee wa Afrika Mashariki walioko huko hukutana na matangazo ya mipango hiyo kila mwaka kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba, dirisha la kuchagua linapofunguliwa. Mengi huahidi ada ndogo, meno na miwani. Nyuma ya ahadi hizo kuna orodha ya madaktari wanaoruhusiwa na kibali cha kuombwa kabla ya baadhi ya matibabu. Mwanamke wa Kibajuni aliyeko Columbus, Marekani, na yule aliyeko Lamu wanahitaji swali moja: daktari wangu yumo?

Familia ikae kikao

Ndugu wakae na wafanye hesabu ya mwaka mmoja. Waandike kila walichokitumia kwa mzee: vidonge, vipimo, nauli ya shapa (basi dogo la abiria), chakula cha msindikizaji, mkopo na riba yake. Kisha waweke pembeni ada ya bima na yale ambayo bima hiyo ingeyalipa kweli, baada ya kuondoa muda wa kusubiri, vikomo na sehemu ambayo mgonjwa huchangia mwenyewe kila anapotibiwa. Kwa familia nyingi za pwani hesabu itaonyesha kwamba pesa nyingi zilikwenda kwenye dawa za kila siku na nauli, vitu viwili ambavyo bima nyingi huvilipia kidogo au hazivigusi.

Ikiwa ni hivyo, wasione aibu kuiacha kadi na kuanzisha mfuko wao. Xitique, upatu wa Msumbiji, umezoeleka kila mtaa. Ndugu sita wakichanga kila mwezi na kumpa mmoja daftari, mzee atapata dawa bila kukatizwa na nauli ya Pemba itakuwepo usiku wa dharura. Mfuko wa namna hiyo una mipaka: hauwezi kubeba upasuaji mkubwa wala matibabu ya saratani. Kwa mzigo huo ndipo bima ya kulazwa, iliyokatwa mapema na iliyosomwa vizuri, inapofaa. Mchanganyiko huo, bima kwa tukio kubwa na mfuko wa ndugu kwa mahitaji ya kila siku, utawafaa wengi kuliko kununua kifurushi kinene ambacho hakitalipwa mwaka wa pili. Bima ikikatika miezi miwili, mara nyingi muda wa kusubiri huanza upya.

Mzee mwenyewe awe kikaoni. Wapo wanaopendelea kutibiwa nyumbani kati ya wajukuu kuliko kupelekwa Nampula mara tatu kwa mwaka. Wapo walio tayari kusafiri popote. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mara nyingi neno lenyewe huamuliwa kwenye simu kati ya Pemba na Dar es Salaam, na anayeumwa hupewa habari baadaye.

Deni la serikali na la gesi

Kuwaachia wazee soko la binafsi peke yake ni kuwaacha mlangoni. Rwanda, ambayo askari wake wanalinda barabara za Palma, ilianza majaribio ya mutuelle, bima ya afya ya jamii, mwaka 1999 na kuisambaza nchi nzima katika muongo uliofuata. Kwa miaka mingi mwanakijiji wa kipato cha kati alilipa faranga 3,000 kwa mwaka, maskini zaidi alilipiwa, na mgonjwa alichangia asilimia 10 ya gharama hospitalini. Hakuna aliyeulizwa alizaliwa mwaka gani ili apandishiwe ada. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na utekelezaji wake utaamua kama wazee wataingia kama raia au kama hasara.

Msumbiji inaweza kuanza kwa hatua zinazofikika. ISSM iyalazimishe makampuni yaandike ukurasa mmoja wa mwanzo, kwa lugha ya eneo, unaotaja muda wa kusubiri, kikomo cha maradhi sugu, umri wa kutolewa na hospitali za mkoa husika. Iwe marufuku kumtoa mzee aliyechangia miaka mingi kwa sababu tu ametimiza umri fulani. Wizara ya Afya ihakikishe dawa za presha na kisukari hazikatiki Olumbi, Quionga na Pundanhar wilayani Palma, kwani hiyo ndiyo bima ambayo kila mzee tayari ameahidiwa.

Na Afungi ipo. Mradi uliotajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 20 umekaa katika ardhi ya watu wa wilaya hii, na baadhi yao walihamishiwa Quitunda kuupisha. Baadhi ya waliolima na kuvua hapo kabla ya uzio sasa ni wazee. Makampuni ya gesi na serikali wakikaa tena kujadili faida ya jamii, wazazi wa wafanyakazi waingizwe kwenye bima za waajiri, na wazee wasio na mtoto kazini wagharimiwe gari la wagonjwa la kudumu kati ya Olumbi, Palma na Pemba. INAS ina orodha ya wanaopokea ruzuku. Kazi inaweza kuanzia kwenye majina hayo.